Foleni ya Printa Ikae Wapi?

Serikali ya Kenya imehamia mtandaoni, karatasi imebaki pale pale. Tangu Juni 2023, ilipozinduliwa awamu ya eCitizen yenye huduma zaidi ya 5,000, mtu anayetaka cheti cha tabia njema kutoka kwa polisi hujaza fomu kwa simu, hulipa kwa M-Pesa, halafu hutafuta saiba, duka la kompyuta na intaneti, ya kumtolea fomu hiyo aende nayo kupigwa alama za vidole. Shuleni ni vivyo hivyo. Tangu 2021 Baraza la Mitihani la Kitaifa, KNEC, limekuwa likiweka karatasi za tathmini za shuleni kwenye tovuti yake. Mwalimu mkuu huingia kwa nywila ya shule, hupakua, na mzigo wa kuchapisha huwa wa shule. Na tathmini zenyewe zina uzito. Wanafunzi wa kwanza kufanya KJSEA mwishoni mwa Gredi ya 9, mwaka 2025, walipangiwa nafasi za sekondari pevu kwa asilimia 60 ya mtihani huo, 20 ya KPSEA ya Gredi ya 6, na 20 ya tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8. Ile 20 ya mwisho imepitia kwenye printa ya shule, au ya saiba iliyo karibu na lango la shule.

Kabazi, mojawapo ya wadi tatu za eneobunge la Subukia katika Kaunti ya Nakuru, panafaa kulitazamia jambo hili kwa sababu hapana upekee wowote. Ni sehemu ya wakulima yenye shule na soko lake, ambapo stima hupotea bila kuaga na fundi wa kompyuta huitwa kutoka Nakuru. Linaloikabili shule ya hapa linazikabili shule nyingi za Bonde la Ufa.

Piga hesabu ya darasa moja lenye wanafunzi 50. Masomo matano, kurasa sita kwa kila somo: jumla kurasa 1,500. Printa ndogo ya leza yenye kasi ya kurasa 20 kwa dakika itazimaliza kwa saa moja na robo, mradi karatasi isikwame, tona isiishe na stima isipotee. Ile ya matangi ya wino, ambayo ndiyo imejaa maofisini siku hizi kwa sababu wino wake ni rahisi, itachukua muda huo mara mbili. Sasa muongeze mwalimu wa Gredi ya 8 aliyetuma karatasi zake dakika kumi baadaye, na naibu wa mwalimu mkuu anayetaka barua ya ukurasa mmoja kwa mzazi aliyeketi nje. Watatu hawa hawawezi kuhudumiwa pamoja. Foleni ipo, wapende wasipende.

Kwa hiyo wanaouliza kama shule ndogo inahitaji foleni ya mtandaoni wamelikosea swali. Kinachotakiwa kuulizwa ni foleni ikae wapi: kwenye kompyuta ya kila mtumaji, ndani ya printa yenyewe, mawinguni, au kwenye seva. Mimi nasema, kwa taasisi za aina ya Kabazi, ikae kwenye seva ndogo ndani ya ua wa shule, nayo Linux inatosha kabisa. Lakini kila mahali pana watetezi wake, na baadhi yao wana hoja.

Mpango ulioenea zaidi ni ule ambao hakuna aliyeupanga. Printa imeunganishwa kwa waya wa USB kwenye kompyuta ya karani, Windows ikaombwa iishiriki na wengine. Siku za kawaida inakwenda. Karani akizima kompyuta saa kumi jioni, walimu wote wamekosa printa. Akiwa anaandika bajeti wakati mtu ametuma PDF yenye picha, kompyuta inakuwa nzito na lawama zinamwendea yeye. Isitoshe Windows ya mezani, ya 10 hata ya 11, hairuhusu vifaa zaidi ya 20 kushiriki kwa wakati mmoja, na shule yenye simu na laptopu za walimu thelathini hufika hapo haraka.

Toleo lake la pili ni printa yenye waya wa mtandao au Wi-Fi, kila kompyuta ikiituma moja kwa moja, mara nyingi kupitia poti 9100. Hapa kila mtu ana foleni yake na hakuna anayeiona ya mwenzake. Printa ndogo hupokea mtumaji mmoja, wengine hugonga mlango hadi wafunguliwe; anayeingia kwanza si aliyefika kwanza, ni aliyebahatika kugonga wakati mlango uko wazi. Ukutani pamebandikwa onyo la kutotuma mara mbili, na kila mtu hutuma mara tatu, kwa sababu hajui kama ya kwanza imefika. Kazi ikikwama, kijana wa saiba anajua dawa kwa moyo: anasimamisha huduma ya Print Spooler, anafungua kabrasha la C:\Windows\System32\spool\PRINTERS, anafuta kila kitu, anaiwasha upya. Dawa inaponya. Inafuta pia kazi za kila mteja aliyekuwa akingoja kwenye kompyuta ile, na maelezo huanza upya: "Mama, hebu nitumie tena hiyo fomu kwa WhatsApp."

Kutokujua kinachoendelea kwenye printa kuna historia ndefu. Kufikia 1980 Richard Stallman, mtaalamu wa programu katika maabara ya MIT nchini Marekani, alikuwa amezoea printa ya zamani ambayo programu yake aliirekebisha iwatumie ujumbe watu wenye kazi foleni kila karatasi ilipokwama, ili mmoja wao aende kuikwamua. Ikaja printa mpya ya Xerox ambayo msimbo wa programu yake ulifichwa, marekebisho yale yakawa hayawezekani. Stallman husimulia kisa hicho kama chanzo kimojawapo cha harakati yake ya programu huria. Karatasi ilikuwa imekwama chumba kingine, na waliokuwa wakingoja hawakuwa na habari. Mpango wa kila-mtu-na-foleni-yake unaturudisha huko huko.

Foleni kuwekwa ndani ya printa ni wazo zuri kwa mwenye fedha. Mashine kubwa za ofisini, zile za kukodi zinazochapisha, kunakili na kuskani, zina diski ndani, zinahifadhi kazi na hazitoi karatasi mpaka mwenyewe aje abonyeze namba yake ya siri. Ofisi ya kaunti inaweza kuzimudu. Printa ndogo haina diski. Ina kumbukumbu chache tu, na stima ikipotea kilichokuwemo kimepotea. Sina zaidi la kusema hapo.

Wingu nalo liliahidi mengi. Google Cloud Print ilianza 2010, ikavutia shule nyingi duniani zilizokuwa na Chromebook, kisha Google ikaifunga tarehe 31 Desemba 2020. Waliojenga kila kitu juu yake waliambiwa watafute pengine. Microsoft ina Universal Print tangu 2021, na inafanya kazi vizuri mahali penye intaneti isiyokatika. Lakini fikiria safari yenyewe: barua ya ukurasa mmoja inatoka kwenye laptopu, inakwenda hadi kituo cha data cha mbali, inarudi kwa printa iliyo hatua tatu kutoka alipoketi mwandishi, na njia nzima bando linalipiwa. Mlingoti wa simu ukizimika, umbali wa hatua tatu haupitiki. Printa na laptopu zilizo chini ya paa moja hazina sababu ya kuonana kwa ruhusa ya kituo hicho.

Imebaki seva. Wapo wanaoisikia kama kitu cha benki, lakini shule za msingi za umma zimeishi nayo. Mpango wa serikali wa Digischool uliofikishwa shuleni kuanzia 2016 ulileta tableti za wanafunzi, laptopu mbili za walimu, projekta, na kisanduku kilichokuwa seva ya masomo na rauta kwa pamoja. Seva ilifika kijijini, printa haikuwemo katika shehena ya kawaida. Sishauri mtu akipekue kisanduku kile, ni mali ya serikali na kina kazi yake. Natumia mfano huo kuonyesha kwamba kompyuta ndogo inayohudumia wengine kimyakimya kabatini si ajabu tena.

Seva ya uchapishaji hupokea kazi, huiandika kwenye diski, humjibu mtumaji kwamba imeshika, ndipo huipeleka kwa printa kwa zamu. Diski ndiyo inayoleta tofauti yote. Mwalimu akishajibiwa, anafunga laptopu na kwenda darasani. Kazi imeshakuwa mzigo wa seva. Stima ikipotea na seva ikazimika, siku ikiwaka tena zile kazi zilizokuwa zikingoja bado zipo.

Na hapa stima yenyewe inanipa hoja ambayo wauzaji wa vifaa hawaitaji. Tarehe 25 Agosti 2023 sehemu kubwa ya Kenya ililala gizani, lakini kijijini hakuhitajiki tukio la kitaifa. Mti mmoja ukiangukia nyaya unatosha. Watu hununua UPS ndogo, kifaa chenye betri ya akiba, na kuchomeka printa ya leza humo. Ni kosa. Sehemu ya leza inayounguza tona kwenye karatasi hula mamia ya wati kwa mpigo, na UPS ya 650VA hulia mara moja na kunyamaza. Lakini kompyuta ndogo ya Raspberry Pi na rauta ya kawaida zikiwekwa pamoja kwa kawaida hazifikishi wati 20. UPS ile ile iliyoshindwa kuibeba printa kwa dakika moja itaibeba foleni kwa muda wa kutosha. Stima ikikatika, printa inalala, walimu wanaendelea kutuma kwa laptopu zenye betri, foleni inajaa, na stima ikirudi karatasi zinaanza kutoka. Hakuna mpango mwingine kati ya ile mitatu unaotoa hilo kwa bei hiyo. Angalizo moja: Raspberry Pi isiendeshwe kwa kadi ya kumbukumbu peke yake, kwa sababu kadi hizo huharibika stima ikikatika katikati ya kuandika. SSD ndogo ya USB ni bora zaidi, au kompyuta ya mezani iliyozeeka ambayo Windows mpya imeikataa. Kompyuta za namna hiyo zimekuwa nyingi tangu Microsoft ilipokoma kuihudumia Windows 10 mnamo Oktoba 2025.

Linux au Windows Server? Ofisi ambayo tayari ina Windows Server na watumiaji wake wote wamesajiliwa humo haina haja ya kuhama. Msimamizi anaweza kumsambazia kila mtumiaji foleni yake bila kugusa kompyuta yake, kuunganisha printa kadhaa za aina moja nyuma ya foleni moja, na kuweka saa za foleni kufunguliwa na kufungwa. Kwa shule ambayo haina, gharama inaanzia kwenye leseni ya seva, kisha leseni ya kila mtumiaji au kifaa juu yake.

Kuna pia kovu la 2021. Mwishoni mwa Juni mwaka huo udhaifu ulioitwa PrintNightmare ulifichuka katika huduma ya Print Spooler: mtu mwenye akaunti ya kawaida mtandaoni angeweza kuilazimisha seva isakinishe draiva bandia na kuitawala mashine nzima. Microsoft ilitoa kiraka cha dharura mwanzoni mwa Julai, na mwezi Agosti ikabadilisha kanuni ili msimamizi peke yake aweze kusakinisha draiva za printa. Ndiyo maana tangu hapo laptopu ya mwalimu ikiunganishwa na printa ya pamoja hudai nywila ya msimamizi, na mwalimu hudhani laptopu imeingiwa na virusi. Fundisho lililobaki kwa mafundi ni kwamba seva ya uchapishaji isiwe ile ile inayoshika akaunti za watu na rekodi za fedha.

Upande wa Linux haujawa peponi. CUPS, mfumo wa uchapishaji ulioandikwa na Michael Sweet kuanzia 1997, uliingizwa na Apple kwenye Mac mwaka 2002, na Apple ikamwajiri mwandishi na kununua msimbo mwaka 2007. Sweet alipoondoka Apple mwishoni mwa 2019, kazi ilihamia kwa kundi la OpenPrinting. Septemba 2024 mtafiti Simone Margaritelli alionyesha kwamba programu saidizi yake, cups-browsed, ilikuwa ikisikiliza poti 631 na kumwamini yeyote aliyejitangaza kuwa printa. Tiba ni kuizima programu hiyo, kwa kuwa shule yenye printa mbili haihitaji kutafutiwa nyingine, na kuhakikisha poti 631 haijafunguliwa kwa intaneti ya nje.

Sasa usimikaji. Unaanza kwenye rauta, kabla hujaigusa seva. Foleni nyingi hufa kwa sababu rauta hugawa anwani upya: jana printa ilikuwa 192.168.1.50, stima ikapotea usiku, leo imeamka ikiwa 192.168.1.53, na foleni inaendelea kutuma kwa anwani isiyo na mtu. Windows itaandika "Offline" na printa inawaka taa ya kijani mbele yako. Ingia kwenye rauta, tafuta namba ya MAC ya printa, uifungie anwani moja ya kudumu. Ifanyie seva vivyo hivyo. Kazi hii ya dakika tano ingewaokoa mafundi safari nyingi za kutoka Nakuru.

Kisha Debian au Ubuntu Server, na kifurushi cha cups. Printa ya mtandao iliyotengenezwa katika miaka kumi hivi iliyopita mara nyingi inajua IPP, itifaki ya uchapishaji inayotumia poti 631, na haihitaji draiva. Amri ni moja: lpadmin -p Ofisi -E -v ipp://192.168.1.50/ipp/print -m everywhere. Sehemu ya mwisho inaiambia CUPS iiulize printa yenyewe inaweza nini, rangi, pande mbili, ukubwa wa karatasi, na kujipanga kwa majibu hayo. Amri ya cupsctl --share-printers huifungulia foleni mtandao wa ndani. Kompyuta ya Windows inaunganishwa kwa http://192.168.1.10:631/printers/Ofisi, ikiwa hiyo ndiyo anwani ya seva, na simu nyingi zitaiona zenyewe mradi huduma ya avahi, inayoitangaza foleni, inafanya kazi. Usiiite foleni kwa jina la modeli. Printa itakufa na kubadilishwa, "Ofisi" itabaki Ofisi, na hakuna laptopu itakayoguswa.

Printa za USB ndizo zinazohitaji kuulizia kabla ya kununua. Epson L3110, kwa mfano, haina mtandao kabisa, lakini Debian ina draiva ya familia yake, na ikichomekwa kwenye seva inakuwa printa ya mtandao bila kuongeza shilingi. Baadhi ya leza ndogo za Canon zinazotumia lugha ya CAPT, kama LBP2900, huwasumbua sana watu wa Linux. Aliye nayo aiache kwenye Windows. Kwa miaka ijayo mambo yataelekea upande wa IPP: Microsoft ilitangaza Septemba 2023 kwamba inaanza kuachana na draiva za watengenezaji wa printa, na CUPS ya kizazi cha tatu imepangwa kuziacha pia. Anayenunua printa leo aulize kama ina kiwango kimojawapo cha kuchapisha bila draiva, IPP Everywhere, AirPrint au Mopria, kabla ya kuuliza bei ya wino.

Kuna mpangilio mmoja mdogo ambao nauona muhimu kuliko mengine yote. Kosa likitokea katikati ya kazi, mipangilio ya kawaida ya CUPS husimamisha foleni nzima na kungoja mtu. Stima imerudi, printa imewaka, kila kitu kizima, na hakuna kinachotoka. Watu husema printa imeharibika. Haijaharibika, foleni inangoja amri ya cupsenable Ofisi, na anayeijua hayupo. Unaweza kubadilisha tabia hiyo kwa lpadmin -p Ofisi -o printer-error-policy=retry-job, seva ijaribu tena yenyewe. Lakini soma na mstari wa chini yake: kwa kawaida itajaribu mara tano, kila baada ya sekunde 300, halafu itaitupa kazi. Nusu saa hivi. Mahali ambapo stima huondoka saa tatu, JobRetryLimit iongezwe sana, la sivyo umeondoa tatizo linaloonekana ukaweka lisiloonekana.

Hapo seva inafanya kazi, na linabaki suala ambalo haliko kwenye kompyuta: nani atangulie? CUPS huipa kila kazi kipaumbele kati ya 1 na 100, kawaida 50. Windows hutumia 1 hadi 99. Naibu wa mwalimu mkuu anaweza kupewa 80, na barua yake ikaruka mbele. Lakini mifumo yote miwili haikatizi kazi iliyokwisha kuanza. Mwalimu akituma kurasa zake 1,500 kama kazi moja, barua ya mzazi itangoja saa nzima hata ikiwa na kipaumbele cha juu kabisa. Akituma somo kwa somo, kurasa 300 kila moja, barua inapenya baada ya robo saa. Kanuni ya kugawa kazi kubwa, iliyokubaliwa kwenye kikao cha walimu, itafanya zaidi kuliko kipaumbele chochote utakachoandika kwenye seva.

Wengine hujaribu kuweka foleni mbili kwa printa moja, ya wakubwa na ya wengine. Kwenye Windows hilo linafaa, maana foleni zote mbili zikielekea poti ile ile mfumo unalinganisha vipaumbele vyao. Kwenye CUPS kila foleni inajitegemea. Zitagombania printa kama zile kompyuta zisizo na seva, nawe utakuwa umejenga upya ugonjwa ulioukimbia. Foleni moja, vipaumbele ndani yake. Zikiwa printa mbili za aina moja, CUPS ina kundi, inaloliita class: kazi humwendea aliye huru. Zisiwe za aina tofauti, nusu ya darasa itapata karatasi zilizofifia.

Saiba ni hadithi nyingine. Pale foleni inaonekana kwa macho, wateja wamesimama, kila mmoja anamjua aliyemtangulia. Kipaumbele chochote kingine ni ugomvi. Saiba inahitaji seva kwa sababu ya hesabu zaidi kuliko zamu: kurasa ngapi zimetoka, na pesa za ngapi zimeingia. CUPS ikiwekewa mpangilio wa PageLogFormat huandika kila kazi kwenye faili ya page_log, na mwenye saiba anaweza kuilinganisha na droo jioni. Inaweza pia kumwekea mtumiaji kikomo cha kurasa kwa kipindi fulani, jambo linalowavutia wahasibu wa shule. Lakini kikomo hicho humjua mtu kwa jina la akaunti, na kwenye vyumba vingi vya walimu kompyuta nzima ina akaunti moja iliyopewa jina la shule. Huwezi kumhesabia mtu ambaye mfumo haumjui.

Niseme pia kwamba kurasa 1,500 hazikupaswa kufika kwenye printa. Shule zenye mashine ya kurudufu ya RISO huchapisha nakala moja safi ya kila karatasi, kurasa 30 kwa masomo yote matano, kisha RISO inazalisha nakala kwa gharama ndogo mno kwa kila ukurasa. Shule jirani zikichanga, mashine moja inaweza kuzihudumia kadhaa. Kama kilio cha shule yako ni tathmini za mwaka peke yake, nunueni hiyo kwanza, seva ije baadaye.

Siri ya mtihani nayo ina mahali pake humu, na nashangaa haizungumzwi. CUPS kwa kawaida huhifadhi faili ya kazi iliyokwisha kuchapishwa kwa siku nzima, sekunde 86,400, ili iweze kuchapishwa tena. Kwa barua ni faida. Kwa karatasi ya tathmini ambayo wanafunzi wataiona kesho, ni nakala iliyolala mahali ambapo msimamizi yeyote wa seva anaweza kuiitisha tena. Amri ya cupsctl PreserveJobFiles=No inalimaliza hilo. Foleni ya mitihani, ambayo ndiyo pekee ninayokubali ijitenge kwa kuwa haitoi kitu bila mtu kuwepo, iwekewe pia job-hold-until-default=indefinite: kazi inapokelewa lakini haitoki mpaka mwenye dhamana, akiwa amesimama mbele ya printa, aiachilie. Linganisha na hali ya sasa ambapo mwalimu hubeba flashi hadi saiba, faili ikabaki kwenye Downloads ya kompyuta ambayo nusu saa baadaye anaikalia mwanafunzi anayetafuta fomu ya basari. Kwa saiba zenyewe, zinazoshika nakala za vitambulisho vya nusu ya kata, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haijali kama biashara ni ndogo kiasi gani. Faili za wateja zifutwe siku hiyo hiyo.

Hoja nzito zaidi dhidi ya seva si ya kiufundi. Seva inahitaji mwenyewe. Kompyuta ya karani ikikwama, kila mtu anajua kuizima na kuiwasha. Kisanduku kilicho kabatini, bila kioo wala kibodi, kinaogopwa. Mwalimu wa kompyuta aliyeisimika anaweza kuhamishwa na tume ya walimu, TSC, muhula ujao, akaondoka na nywila kichwani. Nimeona seva nzuri ikichomolewa na kuwekwa stoo kwa sababu hiyo tu, printa ikarudishwa kwa karani.

Dawa yake ni karatasi moja kwenye faili la ofisi ya mwalimu mkuu, pamoja na hati nyingine za shule. Iandikwe anwani ya seva na ya kila printa, jina la kila foleni, jina la akaunti ya msimamizi na nywila ndani ya bahasha iliyofungwa, amri za lpstat -t, cupsenable na cancel pamoja na kazi ya kila moja, tarehe ya mwisho seva kusasishwa, na namba ya fundi. Walimu wawili waonyeshwe amri hizo kwa vitendo, mmoja wao akiwa mtu ambaye hana dalili ya kuhama hivi karibuni, na karani awe wa tatu, kwa sababu ndiye atakayeulizwa kwanza.

Karatasi hiyo ichapishwe mapema. Siku itakapohitajika, foleni itakuwa imesimama.